Kurahisisha fankisheni za kutafuta kifaa kwenye draiva za Linux: mwongozo kamili

Viraka vya kazi hii (yaani faili za mabadiliko ya msimbo wa kerneli, kiini cha Linux) vinanifikia kila mara kutoka kwa vijana wa Mbeya na Iringa, na vingi vinaanguka palepale. Mtu anafuta fankisheni yake ndogo ya kulinganisha, anaweka ile ya kerneli, mistari inapungua, kompaila inanyamaza, anafurahi. Baadaye draiva inavujisha kumbukumbu, au inaleta kifaa ambacho hakikuombwa.

Kazi yenyewe ni ndogo. Wanaoanguka wanaichukulia kama kazi ya kupunguza mistari. Unachotakiwa kuthibitisha ni mambo mawili: msimbo mpya unatafuta kitu kilekile, na aliyekipata anajua wakati wa kukiachia.

Mfano wetu ni bodi ndogo inayoendesha feni ya ghala la viazi huko Njombe. Draiva ya feni inahitaji kukifikia kifaa cha kipimajoto, chenye draiva yake kando. (Kwa kipimajoto cha kweli ungepitia mfumo wa IIO, ule wa kerneli wa vifaa vya kupimia. Nakitumia hapa kwa sababu ni rahisi kukiona akilini.)

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye Linux na nafasi ya diski ya gigabaiti 30 hivi.
- Vifurushi vya `gcc`, `make`, `flex`, `bison`, `bc`, `libelf-dev`, `libssl-dev`, `git` na `git-email`.
- `sparse` na `coccinelle`, vikaguzi vya msimbo. Wengi wanaviruka hivi viwili, halafu wanashangaa kiraka kinarudi.
- QEMU (programu ya kuigiza kompyuta), au bodi yenyewe ikiwa na waya wa serial. Usijaribie kwenye kompyuta unayofanyia kazi za watu.
- Msimbo wa kerneli.

Kuhusu msimbo, fikiria bando kwanza. Historia nzima ya kerneli kwenye git ni gigabaiti kadhaa, na `git clone` ikikatika katikati inaanza upya. Kama mtandao wako ni wa kusuasua, pakua faili la tar kutoka kernel.org kwa `wget -c`. Ni megabaiti 140 hivi, na umeme ukikatika linaendelea lilipoishia. Hilo linatosha kujifunzia. Siku ya kutuma kiraka utahitaji git yenye historia, kwa hiyo tafuta usiku wa bando nafuu au mtu mwenye nakala kwenye diski.

Angalia pia toleo la kerneli ya bodi. Nyingi ya fankisheni tunazozihamia zinapatikana tangu toleo la 5.4, la Novemba 2019. Bodi nyingi za bei nafuu bado zinakuja na 4.9 au 4.19 ya mtengenezaji, na huko nyingi hazipo. Ukiwa na kerneli hiyo, ama uhamie mpya, ama uiache draiva yako kama ilivyo. Usinakili fankisheni za kerneli mpya ukazibandika ndani ya draiva, maana utakuwa umeongeza kile ulichotaka kupunguza.

## Hatua ya 1: Tafuta wagombea

Ndani ya folda ya kerneli andika:

```
git grep -nE '(bus|class|driver)_find_device\(' -- drivers/
```

Kwa faili la tar tumia `grep -rnE` na uondoe vile vistari viwili. Mistari itakayotokea ni mahali ambapo draiva inapita kwenye orodha ya vifaa, kimoja kimoja, na kuiuliza fankisheni ya kulinganisha kila mara: ni hiki? Ikijibiwa namba isiyo sifuri, upekuzi unasimama na kifaa kinarudishwa.

Chagua draiva moja tu. Iwe ndogo, na iwe unaweza kuikompaili. Ukianza na kumi utachoka kabla ya kuisoma ya tatu vizuri.

Umefaulu ukiwa na: jina la faili, namba ya mstari, na jina la fankisheni ya kulinganisha inayotumika hapo.

## Hatua ya 2: Soma fankisheni ya kulinganisha neno kwa neno

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo usiwe na haraka. Fungua fankisheni hiyo ujiulize inalinganisha nini hasa. Kerneli ina mbadala kwa linganisho hizi:

- `dev->of_node` na nodi ya mti wa vifaa (device tree, orodha ya vifaa vya bodi): `bus_find_device_by_of_node`
- `fwnode` ya kifaa (nodi ya maelezo kutoka firmware): `bus_find_device_by_fwnode`
- jina kamili la kifaa: `bus_find_device_by_name`
- namba ya kifaa ya aina ya `dev_t`: `bus_find_device_by_devt`
- kifaa mwenza cha ACPI (maelezo ya vifaa kwenye kompyuta za PC): `bus_find_device_by_acpi_dev`

Kwa upande wa `class` na `driver` majina yanafuata mtindo uleule. Nyuma ya kila moja kuna fankisheni tupu ya kulinganisha, mfano `device_match_of_node` au `device_match_name`, na hizo unaweza kuzitumia peke yake. Ipo pia `device_match_any`, inayokubali chochote, kwa wale walioandika fankisheni nzima ya kurudisha 1.

Kama fankisheni ya draiva inafanya linganisho moja kati ya hizo na hakuna kingine, endelea. Ikiwa inafanya jambo la ziada, simama. Mitego ninayoiona mara kwa mara ni hii.

Jina la nusu. `device_match_name` inataka jina zima, ila inasamehe alama ya mstari mpya mwishoni. Draiva iliyotumia `strncmp` au `strstr` inatafuta sehemu ya jina. Ukiibadilisha, haitapata kitu tena, na kompaila haitakwambia.

Jina lenyewe kuwa silo. Kifaa kilichotoka kwenye mti wa vifaa hupewa jina lenye anwani mbele, kama `40013000.i2c`, hata kama wewe unakiita kwa jina fupi. Kabla ya kubishana na kerneli, fanya `ls /sys/bus/platform/devices` usome majina yaliyopo.

Nodi tupu. Huu ndio mbaya kuliko yote. Kwenye kerneli za zamani `device_match_of_node` inalinganisha pointa mbili tu. Ukiipa NULL, kifaa cha kwanza kisicho na nodi kitalingana nayo: NULL na NULL ni sawa. Draiva ya feni itapokea kifaa cha watu, itakigeuza kuwa kipimajoto, na itaanza kusoma takataka. Kerneli za karibuni zimeziba tundu hili, lakini draiva yako inaweza kurudishwa kwenye toleo la nyuma. Kagua NULL mwenyewe kabla ya kutafuta.

Namba ya kifaa. `bus_find_device_by_devt` inapokea `dev_t` yenyewe. `device_match_devt` inapokea pointa inayoielekea. Ukizichanganya kwa kulazimisha aina, kompaila itanyamaza na kerneli itaanguka.

Pa kuanzia. `bus_find_device` ina kigezo cha pili cha kifaa cha kuanzia upekuzi. `bus_find_device_by_name` inacho, ila `bus_find_device_by_of_node` haina. Kama draiva inazunguka ikitafuta kinachofuata baada ya kilichopatikana, bakiza `bus_find_device` na ubadilishe fankisheni ya kulinganisha peke yake:

```c
dev = bus_find_device(&platform_bus_type, prev, np, device_match_of_node);
```

Bado umepunguza fankisheni moja, na mzunguko haujavunjika.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja fankisheni ya zamani inalinganisha nini na nini. Ukihitaji sentensi ya pili yenye "lakini pia", iache draiva hiyo, tafuta nyingine. Kuacha ni jibu halali.

## Hatua ya 3: Badilisha wito

Draiva ya feni ilikuwa hivi:

```c
static int feni_linganisha(struct device *dev, const void *data)
{
	return dev->of_node == data;
}

static int feni_probe(struct platform_device *pdev)
{
	struct device_node *np;
	struct device *dev;

	np = of_parse_phandle(pdev->dev.of_node, "kipimajoto", 0);
	if (!np)
		return -ENODEV;

	dev = bus_find_device(&platform_bus_type, NULL, np, feni_linganisha);
	of_node_put(np);
	if (!dev)
		return -EPROBE_DEFER;
```

Futa `feni_linganisha` yote, kisha ule mstari wa kutafuta uwe:

```c
	dev = bus_find_device_by_of_node(&platform_bus_type, np);
```

Mengine yabaki. `of_node_put` inabaki kwa sababu `of_parse_phandle` ilikukabidhi nodi ikiwa imehesabiwa kwa jina lako. `-EPROBE_DEFER` inabaki kwa sababu huenda kipimajoto hakijasajiliwa bado, na kerneli inatakiwa kujaribu tena baadaye. Nimeona viraka vinavyogeuza hiyo kuwa `-ENODEV` "kwa usafi". Matokeo yake feni inafanya kazi siku moja na siku nyingine haiwaki kabisa, kutegemea nani alitangulia.

Kabla ya kuridhika, uliza kama mfumo wako una fankisheni ya karibu zaidi. Kwa vifaa vya platform ipo `of_find_device_by_node`, inayorudisha `platform_device` moja kwa moja. Kwa I2C (basi, yaani njia ya waya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo) ipo `of_find_i2c_device_by_node`, na hii itumie badala ya kujitengenezea, kwa sababu maalumu: kwenye basi la I2C, adapta zenyewe nazo zimesajiliwa pamoja na vifaa. Ukitafuta kwa nodi unaweza kurudishiwa adapta, ukaichukua kuwa kifaa. Fankisheni ya mfumo inalikagua hilo kwa `i2c_verify_client`, na ikikuta siyo kifaa inaachia na kurudisha NULL.

Umefaulu ukiona kwenye `git diff` mistari iliyofutwa ni mingi kuliko iliyoongezwa, na nje ya fankisheni uliyoifuta hakuna `if` wala `return` iliyobadilika.

## Hatua ya 4: Fuatilia rejea mpaka mwisho

"Kaka, nimetumia fankisheni ya kerneli yenyewe, sasa uvujaji unatoka wapi?" Swali hili naulizwa sana, na jibu ni lilelile: fankisheni zote hizi, za zamani na mpya, zinakurudishia kifaa kikiwa kimeongezewa rejea moja, yaani hesabu ya wanaokishikilia imepanda kwa moja. Ni jembe la kuazima kwa jirani: kulipokea ni rahisi, kulirudisha ni juu yako. Kulirudisha kwenyewe ni `put_device`.

Chukua kalamu upitie kila njia ya kutokea kwenye fankisheni baada ya kifaa kupatikana. Kila `return` ya makosa, kila `goto`. Draiva yetu ina njia moja ambayo wengi wanaisahau:

```c
	kipima = dev_get_drvdata(dev);
	if (!kipima) {
		put_device(dev);
		return -EPROBE_DEFER;
	}
```

Kifaa kupatikana kwenye basi hakumaanishi draiva yake imemaliza kuwaka. Data ya draiva inaweza kuwa tupu bado. Na kumbuka rejea inakizuia kifaa kisifutwe kwenye kumbukumbu, lakini haiizuii draiva yake isiondolewe. Ukiitegemea data hiyo kwa muda mrefu, weka kiungo kwa `device_link_add` ili kerneli ijue feni inasimama juu ya kipimajoto.

Kama unashika kifaa maisha yote ya draiva, mkabidhi `devm` (utaratibu wa kerneli wa kuachia vitu draiva ikiondoka) kazi ya kuachia:

```c
static void feni_achia(void *data)
{
	put_device(data);
}

	ret = devm_add_action_or_reset(&pdev->dev, feni_achia, dev);
	if (ret)
		return ret;
```

Onyo: ikishindwa, `devm_add_action_or_reset` inaita `feni_achia` yenyewe. Ukiongeza `put_device` chini ya hiyo `if`, umeachia mara mbili, na kuachia mara mbili ni kubaya kuliko kuvuja. Kumbukumbu iliyovuja imepotea tu. Iliyoachiwa mara mbili inaweza kuwa imeshagawiwa mwingine.

Kama unakihitaji kifaa ndani ya fankisheni moja tu, kerneli za karibuni zina njia fupi:

```c
struct device *dev __free(put_device) =
	bus_find_device_by_name(&i2c_bus_type, NULL, "1-0048");
```

Kifaa kinaachiwa chenyewe fankisheni ikiisha, kwa njia yoyote. Binafsi naipenda, ila siichanganyi na `goto` za usafi wa zamani ndani ya fankisheni moja. Chagua mtindo mmoja.

Jambo lingine kwa wanaotoka kwenye draiva za PCI: `pci_get_device` inaachia yenyewe kile kifaa ulichoipa kama pa kuanzia. `bus_find_device` haifanyi hivyo. Ukizunguka nayo, kifaa cha nyuma unakiachia mwenyewe, baada ya kupata kinachofuata.

Umefaulu ikiwa kila njia ya kutoka ina `put_device` moja, uliyoiandika au ya `devm` au `__free`. Isiwe sifuri, isiwe mbili.

## Hatua ya 5: Kompaili na kagua

```
make W=1 C=1 drivers/njia/ya/feni.o
make coccicheck MODE=report M=drivers/njia/ya \
     COCCI=scripts/coccinelle/free/put_device.cocci
```

`W=1` inaongeza maonyo, `C=1` inaita sparse. Ule mstari wa pili unaendesha kanuni iliyomo tayari kwenye kerneli, inayosaka waliosahau `put_device` baada ya `of_find_device_by_node`. Haijui fankisheni nyingine za familia hii, kwa hiyo ikinyamaza usiichukulie kama cheti.

Ukiona onyo la fankisheni iliyotangazwa na haitumiki, hukufuta ile ya zamani. Angalia pia juu ya faili kama kuna kichwa kilichoingizwa kwa ajili yake tu. Kiondoe kama una hakika, la sivyo kiache.

## Hatua ya 6: Jaribu bila kifaa cha kweli

Siyo kila mtu ana kipimajoto mezani, na kukiagiza mpaka kifike Mbeya ni subira. Kerneli ina moduli ya `i2c-stub` inayojifanya adapta. Kwenye Ubuntu imo katika kifurushi cha moduli za ziada. Ndani ya QEMU:

```
modprobe i2c-stub chip_addr=0x48
ls /sys/bus/i2c/devices
echo tmp102 0x48 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/new_device
```

Namba ya adapta kwako inaweza kuwa nyingine, isome kwenye `ls`. Kifaa kitaitwa `1-0048`: namba ya adapta, kistari, anwani ya tarakimu nne. Kifaa hiki hakina nodi ya mti wa vifaa, kwa hiyo kinafaa kujaribia utafutaji wa jina. Andika moduli ndogo inayoita `bus_find_device_by_name` kama hapo juu.

Sasa washa maelezo ya upande wa kobject (sehemu ya kerneli inayohesabu rejea), ukifute kifaa:

```
echo 'file lib/kobject.c +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control
echo 0x48 > /sys/bus/i2c/devices/i2c-1/delete_device
dmesg | grep 1-0048
```

Tafuta mstari wenye `kobject_cleanup` na jina la kifaa chako. Ukiuona, rejea ya mwisho imeachiwa na kumbukumbu imerudi. Usipouona, kuna anayekishikilia, na mara nyingi ni wewe. Rudia jaribio ukiwa umeondoa `put_device` makusudi, uone tofauti kwa macho. Bila kuona uvujaji ukitokea, hujui kama jaribio lako linaweza kuukamata.

Ukiwasha `CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE`, kerneli itachelewesha makusudi uachiaji kwa sekunde chache ili kufichua wanaotumia kifaa kilichokwisha kuachiwa. Subiri kidogo kabla ya kusoma `dmesg`, la sivyo utadhani kimevuja.

## Hatua ya 7: Tuma kiraka

Kama katika kusoma umegundua draiva ya zamani ilikuwa inavuja, usifiche tiba ndani ya kurahisisha. Kiraka cha kwanza kitibu uvujaji, kikiwa na mstari wa `Fixes:` na herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko lililoleta kosa. Cha pili ndicho kirahisishe. Mpangilio huu unawawezesha wasimamizi wa matoleo ya kudumu kuchukua tiba bila kubeba na usafi.

Kisha, ukishatengeneza faili la kiraka kwa `git format-patch`:

```
scripts/checkpatch.pl --strict 0001-*.patch
scripts/get_maintainer.pl 0001-*.patch
git send-email --to=... --cc=... 0001-*.patch
```

Tazama kichwa cha viraka vya nyuma vya faili hilo kwa `git log --oneline` na ufuate mtindo wao. Ndani ya maelezo sema fankisheni ya ndani ilikuwa inalinganisha nini, na kwamba ya kerneli inalinganisha hichohicho. Weka `Signed-off-by` kwa jina lako. Tuma kama maandishi matupu. Barua za HTML zinakataliwa na orodha kabla msimamizi hajaziona, na programu ya barua ya simu itageuza tabo kuwa nafasi, kiraka kisibandikike.

Roboti za majaribio zikikujibu kwamba kiraka hakikompaili kwenye usanidi fulani, mara nyingi ni draiva inayojengwa pia bila `CONFIG_OF` au bila ACPI. Rekebisha, tuma upya kwa `-v2`, na ueleze ulichobadilisha chini ya mstari wa vistari vitatu, mahali ambapo hapaingii kwenye historia. Kimya cha wiki mbili ni cha kawaida, hasa dirisha la kuunganisha (kipindi cha kupokea mabadiliko ya toleo linalofuata) likiwa wazi. Baada ya hapo ukumbushe kwa upole, kwenye barua ileile.